Hitisinki ya mapezi au ya alumini yenye matundu?

Hitisinki ni kipande cha metali kinachotoa joto la kifaa cha umeme na kulipeleka hewani; ya mapezi ina vibati vyembamba vilivyosimama kwa safu. Mafundi wa inveta hapa Tabora hawaishi kubishana ipi ni bora. Kwa bei, mapezi hayana mpinzani. Hata kwenye amplifaya mbovu utafungua moja nzima. Ile ya matundu, iliyo kama sponji, mpaka uagize mbali.

Kwenye kupoza ndipo penye ubishi. Matundu huipa hewa eneo kubwa zaidi la kugusa, ila alumini yenyewe ni kidogo: mara nyingi zaidi ya asilimia 85 ya ujazo ni uwazi mtupu, kwa hiyo joto hupanda kwa shida kutoka kwenye kitako. Tena kupenyeza hewa humo kunataka feni yenye nguvu. Bila feni, au ikibandikwa kwa gundi hafifu badala ya kuchomelewa, mapezi hushinda. Feni ikiwepo na nafasi ikiwa finyu, matundu huongoza.

Matunzo? Vumbi la kiangazi huingia kwenye matundu, na brashi haifiki ndani. Mapezi unapuliza tu, kwisha.

Inveta ya dukani, inayokaa wazi karibu na barabara ya vumbi, mimi ningeifunga mapezi. Kasha dogo lenye feni na kichujio cha hewa kinachosafishwa mara kwa mara, hapo gharama ya matundu inaeleweka.