Uzoefu wangu: kikundi cha kutembea Karura kwa sisi tunaotumia dawa za akili

Kila mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, ameshaambiwa kliniki afanye mazoezi. Anaambiwa, anaandikiwa dawa, anaondoka. Haulizwi atafanyia wapi, saa ngapi wala na nani, ilhali dozi ya usiku inamlaza hadi jua limepanda na akiamka miguu ni mizito kama magogo. Niliposikia kuna kikundi kinachotembea Msitu wa Karura, hapa Nairobi, mara mbili kwa wiki, kikiongozwa na muuguzi wa akili pamoja na mtaalamu wa tiba ya viungo, nilienda nikitaka kujua kama wao wamelifikiria hilo. Wamelifikiria, na ndiyo sababu naandika.

Anza na saa. Tunakutana lango la Limuru Road saa nne asubuhi, wakati wakimbiaji wa alfajiri wameshaenda zao. Sista, yule muuguzi, alitueleza waziwazi kwamba wengi wetu tunameza olanzapini, dawa ya akili inayoleta usingizi, usiku, na mtu akiamshwa mapema mno anatembea akiyumba. Kwa kuwa saa hiyo jua limeanza kuwa kali, njia tunayopita karibu yote iko chini ya miti. Anayetumia Largactil, dawa nyingine ya akili, ngozi yake huungua upesi juani. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, naye akitoa jasho jingi bila kunywa maji, dawa hujilimbikiza kwenye damu: mikono inatetemeka, tumbo linaharibika, anapepesuka. Kwa hiyo hatuondoki langoni kabla kila mmoja hajaonyesha chupa yake ya maji, na asiye nayo hupewa. Nimeishi na ugonjwa huu miaka mingi, na ni pale langoni nilipoelezwa kwa mara ya kwanza kwamba dawa hizi zinaweza kuufanya mwili ushindwe kujipoza kwenye joto.

Mwendo ni wa yule anayeenda polepole kuliko wote. Tuna mzee mmoja anayechomwa kila mwezi sindano ya Modecate, dawa ya akili inayofanya kazi polepole mwilini. Mabega yake yamekakamaa na hatua zake ni fupi, na yeye ndiye hutangulizwa mbele. Vijana wakitaka kumpita, Sista huwaambia, "Leo tunatembea na mzee, hatumkimbii." Tukianza kuteremka kuelekea maporomoko ya maji, yule mtaalamu wa viungo husogea ubavuni pake: "Mzee, tanguliza kisigino. Sasa achia mikono." Ukiwa nyuma yake unaiona ile mikono iliyokuwa imeganda mbavuni ikianza kupunga, kwanza wa kulia, kisha na wa kushoto.

Kwenye mapango walimojificha Mau Mau tunapumzika, na hapo mzee husimulia. Anapenda kueleza jinsi Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, na wenzake walivyopigwa Januari 1999 walipokuja kupanda miti, wakati ardhi ya msitu huu ilipokuwa ikinyakuliwa. Anasimulia kwa mpangilio, anajua nani alisimama wapi. Kliniki nilizoea kumsikia akijibu ndiyo na hapana tu.

Kwangu mimi, sauti bado nazisikia. Lakini nikitembea na mtu anayeongea kando yangu hupungua nguvu, na usiku wa siku ya matembezi usingizi huja wenyewe. Uzito haujashuka sana. Umeacha kupanda, na kwa anayejua njaa inayoletwa na olanzapini hilo ni jambo kubwa. Presha hupimwa kabla ya kuondoka. Naithamini hatua hiyo, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linasema wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni vya magonjwa ya mwili kama moyo, ambayo yangeweza kuzuilika. Shirika hilohilo linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Matembezi haya mawili yanakaribia hapo, yaliyobaki namalizia mtaani.

Sasa yanayoniudhi. Mwanzoni tulivishwa fulana za rangi ya machungwa zenye maandishi ya afya ya akili mgongoni. Waliotuletea walikuwa na nia njema, lakini familia zilizokuja pikiniki zilikuwa zikiwavuta watoto kando tukipita. Tulizikataa, wakakubali, na sasa kila mtu huvaa nguo zake. Kiingilio cha msitu tunalipiwa ila nauli ni juu yako, na anayetoka Kayole hupanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Kuna wawili walioacha kuja kwa sababu hiyo pekee. Mvua za masika zikianza, njia zinateleza na matembezi husimamishwa, bila kupangiwa chochote chini ya paa, na hiyo ndiyo miezi ambayo wengi hujifungia ndani.

Kubwa kuliko yote, ukikosa kuja, simu hupigwa kwa ndugu yako kabla ya kupigwa kwako. Mimi ni mtu mzima na simu ninayo. Nipigiwe mimi kwanza, nisipopokea ndipo atafutwe dada yangu. Nimelisema kwenye kikao wakaandika, na kikao kijacho nitauliza limefikia wapi.

Ukitaka kujiunga, muulize daktari wako kwanza, hasa kama una shida ya moyo au dozi yako imebadilishwa karibuni. Vaa raba zenye meno. Ukiamua siku hiyo utembee bila kuongea na mtu, hakuna atakayekulazimisha.