Kigoma hadi Dar: ndege au treni?

Shule zikikaribia kufungwa, swali hili hurudi pale Mwanga, mtaa wa Kigoma mjini. Kwa mstari ulionyooka, Kigoma na Dar es Salaam zimeachana kilomita 1,090 hivi. Reli, ikipitia Tabora na Dodoma, inafika kama 1,250.

Kwa muda, ndege haina mpinzani: saa mbili na ushee angani, labda itue kwanza mji mwingine. Treni ya reli ya kati inakula karibu siku mbili, na mvua ikisomba tuta, hujui utafika lini.

Nauli ya treni ni nafuu mno, hasa daraja la tatu. Ila kwangu jambo kubwa ni mizigo. Uwanja wa ndege kila kilo inapita kwenye mizani. Dumu la mawese litakupa shida, na gunia la dagaa utalilipia. Stesheni unapanda nalo, na Tabora unaongeza asali.

Una mgonjwa wa rufaa Muhimbili? Panda ndege. Familia ya watu sita yenye muda wa kutosha itafaidi behewa la kulala la daraja la pili. Mwenye haraka kidogo ashuke Dodoma, aunganishe na SGR, treni ya umeme ya reli ya kisasa iliyoanza 2024.