Miwani na barakoa za Gerezani: nimezijaribu kwenye moshi

Mimi ni mpiga picha wa kujitegemea hapa Dar. Sehemu ya riziki yangu inatoka kwenye maandamano na mikutano ya siasa, ile inayoishia kwa mabomu ya machozi. Gazeti linanunua picha. Mapafu ni juu yako. Basi nikaenda Gerezani, mtaa wa maduka ya vifaa vya mafundi, kutafuta seti yao: miwani ya kuziba na barakoa ya mpira yenye vichujio viwili. Muuzaji alidhani nakata marumaru. "Kaka, hapa vumbi halipiti hata punje." Nikamwacha aamini hivyo. Alianzia Sh60,000, tukamalizana kwa Sh45,000.

Kwenye miwani, kagua matundu ya hewa ubavuni. Yakiwa wazi kiasi cha kupitisha njiti ya kiberiti, iache hapohapo dukani. Tunaita gesi, lakini CS, kemikali ya mabomu ya machozi, ni unga laini mno, uliotengenezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1928, na moto wa lile kopo ndio unaousambaza hewani. Penye upenyo unaingia. Yangu ina vifuniko juu ya matundu, na macho yalibaki makavu wenzangu wakihangaika na chupa za maji. Kero ni ukungu. Kwa joto hili letu, ukikimbia kidogo tu kioo kimefunga, unapiga picha kwa kubahatisha. Paka tone la sabuni ya vyombo kwa ndani, ulifute kwa kitambaa kikavu. Utapata nafuu ya muda.

Barakoa inakuja na vichujio vya vumbi tu. Vinapunguza makali, ila koo bado linawasha. Ulizia vile vya mkaa wanavyotumia wapiga rangi za magari. Mwenye ndevu asijisumbue, haikai. Kwa maji ya washawasha, yale ya gari la polisi, sijaijaribu, wala sina hamu.

Halafu usiivae mapema. Askari aliyeshuka na kofia ngumu, ngao na kirungu akikuona umejifunika uso, anakuhesabu upande wa pili. Mimi huining'iniza kiunoni, kizibao chenye neno PRESS kikionekana vizuri.

Ila hata uivae sawasawa, inazuia kinachoelea hewani tu. Daudi Mwangosi, mwanahabari wa televisheni ya Channel Ten, aliuawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu akiwa amezungukwa na askari. Mwaka 2016 mmoja wao alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), hakuwa hata mwandamanaji: alikuwa ndani ya daladala Kinondoni, tarehe 16 Februari 2018, risasi ilipompata wakati polisi wakitawanya watu. Kwa hayo Gerezani hakuna cha kununua. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2020 unakataza kumlenga mtu kwa kopo la gesi, na kinga hiyo hutolewa na kamanda, kabla vijana wake hawajashuka kwenye difenda.

Kwa kazi yake ya moshi, naipa nyota tatu kati ya tano. Ukienda, usizidishe Sh40,000, na hakikisha wanakupa mkanda wa akiba. Wangu umeshaanza kulegea.