Huduma ya kupima mionzi kwenye maji ya kisima, Tabora: kisimani hodari, kwenye ripoti wabanwe

Visima vingi vya Tabora vimetobolewa kwenye granaiti, na granaiti hubeba urani ya asili, metali yenye mionzi. Kampuni hii ya hapa mjini, inayochukua sampuli na kuzituma maabara, inafanya kazi inayohitajika kweli.

Kisimani wako makini mno. Hawachoti maji ya kwanza. Bomba la inchi 5 lenye maji ya kimo cha mita 45 hubeba lita kama 570. Wao husubiri pampu itoe mara tatu ya hizo, kama lita 1,700, kwa sababu maji yaliyolala bombani yamekwisha kupigwa na hewa na hayafanani na yaliyomo mwambani. Kisha huyapitisha kwenye chujio la maikroni 0.45 na kutia asidi ya nitriki mpaka pH (kipimo cha ukali wa asidi) ishuke chini ya 2. Bila asidi, urani na radiamu (metali nyingine ya mionzi) hung'ang'ania kuta za chupa, na maabara husoma maji safi kuliko yalivyo.

Radoni ndiyo inayowashinda. Gesi hii ya mionzi hupungua nusu kila siku 3.8 na hutoroka upesi, nao huitia chupa ya plastiki yenye hewa juu, kisha huisafirisha kwa basi. Inataka chupa ya kioo iliyojazwa na kufungwa ndani ya maji, pasibaki kiputo, na saa ya kuchota iandikwe. Namba zao za radoni zisitegemewe.

Ripoti inaishia kwenye jumla ya alfa na beta, aina mbili za mionzi, ikilinganishwa na bekereli (kizio cha mionzi) 0.5 na 1 kwa lita za WHO, Shirika la Afya Duniani. Haitoshi. Maji ya chumvi yakikaushwa huacha ukoko mnene unaomeza alfa, namba ikashuka. Potasiamu nayo hupandisha beta. Dai urani ipimwe peke yake: kiwango elekezi cha WHO ni maikrogramu 30 kwa lita, na figo ndizo zinazoumia. Kuchemsha hakuiondoi.

Waambie pia wapime oksijeni na bikabonati palepale. Vikiwapo vyote viwili, urani huyeyuka na kusafiri. Oksijeni ikikosekana, urani huganda mwambani. Radiamu hunaswa na udongo wa mfinyanzi, ila chumvi ikizidi huachiliwa. Huko Onkalo, Ufini, makopo ya shaba ya taka za nyuklia yamepangiwa kuzungushiwa bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, zaidi ya mita 400 chini, kwa hesabu hizihizi: udongo huo ukilowa huvimba na kuziba njia ya maji, ingawa hauinasi ayodini-129, ayodini yenye mionzi.

Nyota 3 kati ya 5. Ya nne wapewe wakileta chupa za kioo.