Kufundisha chekechea: ng'ambo ya Ruvuma au hapa hapa Mtwara?

Kila likizo walimu wenzangu wa chekechea wananiuliza swali hilo hilo: niende Pemba ya Msumbiji, kwenye shule ya Kireno na Kiingereza, au nibaki shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa mjini?

Kwa mshahara, mara nyingi ng'ambo wanakutajia zaidi. Ila toa kodi ya chumba, kibali cha kazi na nauli ya kurudi nyumbani, ndipo ulinganishe. Barabara nayo si ya kubeza. Cabo Delgado, mkoa uliko mji huo wa Pemba, imesumbuliwa na mashambulizi tangu Oktoba 2017.

Uhakika wa malipo? Hapa nyumbani nao unayumba. Niliwahi kukaa miezi miwili bila mshahara, mkuu akituambia tusubiri mnada wa korosho, wazazi wapate za ada.

Lugha ndiyo kazi yenyewe. Mtoto wa miaka minne akibanwa na haja hachagui lugha. Hapa atasema "mwalimu, mkojo", nawe unamwahi. Kule atakuambia kwa Kimakua au Kimwani, wewe bado unatafuta neno la Kireno, na sakafu imeshalowa. Mzazi akija mlangoni unabaki kutabasamu tu. Lakini mbinu za kule, wimbo mmoja kwa lugha mbili, nimezipenda na nazitumia hadi leo.

Kama huna mtoto mdogo na Kireno unakiweza kidogo, jaribu mwaka mmoja. Mwenye mama mgonjwa Mikindani, abaki.