Siku saba Kilimanjaro kwa njia ya Machame: uzoefu wangu

Mwezi wa Februari nilipanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame, katika safari ya siku saba iliyoandaliwa na kampuni ambayo sitaitaja. Ninamwandikia msomaji anayejiuliza kama siku ya saba ni kupoteza fedha, kwa kuwa swali hilo lilinisumbua kwa wiki kadhaa nilipokuwa nikilinganisha ratiba.

Tofauti ya ratiba ya siku sita na ile ya siku saba iko mahali pamoja tu. Wanaokwenda siku sita huondoka kambi ya Barranco asubuhi, huparamia ukuta wa mawe, hupita bonde la Karanga na kufika Barafu jioni, kisha usiku huohuo huamshwa kwenda kileleni. Sisi tulilala Karanga, kwenye mwinuko wa takriban mita 4,000, tukafika Barafu kesho yake kabla ya chakula cha mchana, tukawa na alasiri nzima ya kujinyoosha na kunywa maji. Saa kumi na moja jioni liliingia kundi lililotoka Barranco siku hiyo. Mmoja wao aliketi juu ya jiwe begi likiwa bado mgongoni, akahangaika na kamba za buti hadi mpagazi akapiga goti na kumfungulia. Kama mfuko wako unaruhusu nyongeza moja tu, ongeza siku hiyo, uachane na hema kubwa na choo cha kubebwa.

Siku ya tatu nayo ina maana yake, ingawa mgeni huiona kama usumbufu: unapandishwa hadi mnara wa mawe uitwao Lava Tower, mita 4,600 hivi, halafu unateremshwa kwenda kulala Barranco, chini ya mita 4,000, ili mwili uonje hewa nyepesi bila kulala ndani yake. Pale juu kichwa kiliniuma kana kwamba nimefungwa kamba kwenye paji la uso. Tulipofika bondeni, kwenye ile miti ya senesio inayosimama kama watu waliojifunika blanketi, maumivu yalikuwa yamekwisha. Kiongozi wetu alitupima oksijeni kila jioni kwa kifaa cha kubana kidoleni na kuandika namba katika daftari. Hilo ulizie mapema, kwani si kila kundi nililokutana nalo lilikuwa na kifaa hicho.

Chakula kilikuwa kizuri, sina la kulalamikia. Mfuko wa kulalia niliokodishiwa, kinyume chake, ulikuwa na zipu iliyoachia usiku wa pili, nami nikalala nikiwa nimevaa koti siku zote zilizobaki. Jaribu zipu hotelini, mara kumi, kabla hujaondoka.

Kuhusu wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, mizigo yao hupimwa kwenye mizani langoni na kikomo ni kilo 20. Nilichokuwa sikijui ni kwamba chanzo cha mwisho cha maji kiko Karanga, kwa hiyo kila kikombe cha chai nilichokunywa Barafu kilikuwa kimepandishwa kichwani mwa mtu kwa zaidi ya mita 600 za mwinuko. Baada ya kujua hivyo niliacha kuomba maji ya kunawia. Kasoro kubwa ya kampuni yangu ni kwamba suala la bakshishi lilizungumzwa usiku wa mwisho tu, kwa haraka, bila kueleza nani hupata kiasi gani. Dai maelezo hayo kwa maandishi kabla ya kulipa.

Tuliondoka Barafu saa sita usiku. Mrija wangu wa kunywea maji uliganda katika saa ya pili, na kilichoniokoa ni chupa ambayo kiongozi alikuwa ameniambia niivike soksi na kuiweka kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda kwa juu. Neno polepole nililidhani ni la kuwachangamshia watalii, lakini kwenye kokoto zile nilihesabu pumzi mbili kwa kila hatua, na bado aligeuka akaniambia, “Dada, punguza.” Stella Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,756, tulipafikia kukipambazuka, na kilele cha Uhuru, mita 5,895, saa moja baadaye. Hapo hewa ina takriban nusu ya oksijeni ya usawa wa bahari, hivyo tulipiga picha na kugeuka.

Ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni mteremko. Siku hiyohiyo unashushwa hadi kambi ya Mweka, mita 3,100 hivi, na magoti yangu yalilalamika kuliko mapafu yalivyolalamika usiku. Kucha za vidole gumba, ambazo sikuzikata kabla ya safari, zilikuwa nyeusi nilipovua buti kwenye lango la Mweka.