Njugu za Brazil pale Ngamiani: tamu kweli, ila kibao kirekebishwe

Mnaopita Ngamiani kununua viungo na vitafunwa vya kupima, kuna duka moja barabara za kati limeanza kuleta zile njugu kubwa za Brazil, na nimeona wengi wanazipita tu wakidhani ni mbegu za kupanda. Ziko kwenye ndoo ya plastiki karibu na lozi, zishamenywa, nyeupe zenye mabaka ya ngozi ya kahawia. Robo kilo nimetoa 18,000. Ghali, lakini ladha yake jamani! Ukiing'ata inalainika mdomoni, inatoa mafuta, utadhani unatafuna nazi iliyokomaa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta, ndo maana na joto letu hili la Tanga zinachacha haraka, kwa hiyo kabla hujapimiwa omba uonje moja. Hizi zilikuwa freshi na muuzaji anafunika ndoo kila akimaliza kupima, hapo nampa maksi zote.

Bei nayo inaeleweka ukijua kwamba nyingi hazitoki shambani, zinaokotwa msituni, tunda lake ni gumu balaa na linaweza kufika kilo 2, linaanguka lenyewe toka juu ya mti mrefu ndo watu wanalipasua kwa panga watoe mbegu ndani.

Sasa kibao. Kimeandikwa BRAZIL basi. Mama mmoja mbele yangu akauliza, "Ami, hii Brazil ndo jina lake au ndo zilikotoka?" Ami akamjibu, "Vyote viwili, mama." Ila boksi lilikuwa pale pale chini ya meza na limeandikwa Bolivia. Simlaumu, jina lenyewe linachanganya watu dunia nzima: mti huo unaota msitu wa Amazon, Brazil upo, Peru upo, na Bolivia ndo wauzaji wakubwa wa nje. Wabrazil wenyewe wengi wanaziita castanha-do-pará, yaani za jimbo la Pará. Na nchi nayo haikupata jina kwa njugu hizi, ilipata kwa mti mwingine kabisa wa mbao nyekundu ambao Wareno, waliofika kule mwaka 1500, walikuwa wanaukata kutengeneza rangi ya nguo. Halafu ndoo ya pili yake kuna korosho, kila mtu anaiita ya nyumbani, kumbe asili ya mkorosho ndo Brazil hasa, kaskazini mashariki, Wareno haohao wakauleta pwani yetu!

Kingine ambacho duka lingewaambia wateja, hizi haziliwi kwa viganja. Zina madini ya seleniamu mengi sana, moja tu inaweza kukutosha siku nzima, na ukizoea kula nyingi kila siku yanazidi mwilini mpaka nywele zinanyonyoka na kucha zinakatika. Kula moja au mbili, zilizobaki tia kwenye kopo la kubana uweke friji. Na kama una aleji ya korosho au lozi usijaribu hata kuonja.

Nawapa nyota nne. Ya tano waandike zilikotoka na tahadhari ya kula, maana mteja anatoa hela nyingi. Ijumaa wanafunga mchana kwa swala, nenda asubuhi.